Tangi Tupu la Mayoni

Nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea pale Mayoni, mtoto mgongoni, nikingoja jembe langu. Jirani yetu akafika na mkewe, wakiwa na tangi kuukuu la dizeli alilonunua abebee mafuta ya trekta ya miwa. Lilikuwa linavuja.

"Baba watoto, lioshwe kwanza, lijazwe maji ndiyo lichomwe," mkewe alisema. "Mvuke wa mafuta unabakinga ndani, hizi vitu zinalipukanga."

Jirani aliligonga tangi kwa ngumi. "Sikia, ni tupu! Kitu tupu kitawaka nini? Na dizeli si petroli. Mama, wewe rudi kwa sufuria zako."

Fundi naye akacheka, akawasha mashine. Mke alinishika mkono, akanivuta hadi ng'ambo ya barabara. Mlipuko ulitukuta huko. Fundi aliungua uso. Jirani hakuamka.

Kwenye mazishi kila msemaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Kwetu marehemu halaumiwi, basi lawama tunambebesha Mungu, maana hajibu.

Mjane aliniinamia sikioni. "Mungu alimtuma mtu amwonye," akasema. "Alinituma mimi."