Pima Mbili za Kurudi

Fundi aliyenifunza kazi ya umeme wa magari alikuwa Mkamba mcha Mungu, na kipimo chake cha waya kilikuwa sala. Ukishaufunga waya mnene, aliniambia, washa mtambo ufanye kazi nzito, kisha ushike ule waya kwa kiganja na usome Baba Yetu. Ukifika amina hujauachia, waya unatosha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimetoka tu kuacha shule, na Baba Yetu siijui. Akafikiri kidogo. "Basi soma yako," akasema, "lakini usiikimbize." Tangu siku hiyo nyaya zote nimezipima kwa Alhamdu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza pale ufukweni Liwatoni, mbele ya kundi la watu na mashua inayovuja.

Mwenye mashua ni mzee wa mtaa wa Kuze, tulikokuwa majirani tangu wazazi wetu wakiwa hai. Walipotutoka, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa ndugu wanne, na kila Ijumaa mzee huyu alibisha mlango akiwa na changu watatu wametungwa kwa ukindu. Akasema amezidiwa na samaki. Hata kwa umri ule nilijua hajazidiwa na kitu. Kwa hiyo aliponijia karakanani na kuniambia amenunua winchi, mashine ya kuvutia kamba, aifunge mbele ya pikapu yake impandishie mashua, nayo haina waya hata mmoja, sikumwacha amalize.

Desturi ya Liwatoni ni kwamba anayepandishiwa mashua huwalisha waliovuta. Mzee hakuwa amechoshwa na kupika pilau. Kilichomchosha ni kungoja zamu. Mashua kubwa hupanda vizuri siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote, na siku hiyo kila mwenye chombo anawataka wavutaji walewale. Safari hii hakuweza kungoja. Ubao wa chini ulikuwa umepasuka, na watu wawili walikuwa wakikumba maji kwa ndoo kutwa. Bamvua ilikuwa kesho kutwa. Ikimpita, ni kukumba maji nusu mwezi mwingine, na ule ufa haukuwa ukipungua.

"Siku hiyo itavuta, Mzee," nikamwambia. "Neno langu."

Nilikwenda kununua waya Mwembe Tayari pamoja na kitinda mimba wetu, anayesomea umeme chuoni na anayeishi nami Tudor. Mwenye duka alitutolea waya mnene kama mkia wa ng'ombe. Nikatoa kisu nikauchuna: mpira mwingi, shaba kiduchu, kama embe lenye kokwa kubwa. Nikaurudisha. Nikachagua waya wa mashine ya kuchomelea, mwekundu, uliojaa nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, laini wa kukunjika. Winchi hunywa umeme kuliko kitu chochote garini, hata stata haioni ndani, na waya mwembamba huipa tone inapotaka ndoo.

"Pima mbili," nikamwambia mwenye duka. Betri ya pikapu Mzee alikuwa ameihamishia nyuma ya kiti isirushiwe maji ya chumvi, na kutoka pale hadi kwenye bampa ni pima mbili kamili, kunyosha mikono mara mbili.

"Nne, Kaka," akasema mdogo wangu. "Mbili za kwenda, mbili za kurudi."

"Umeme hurudi kwa bodi. Gari zima ni chuma."

"Ni chuma au ni kutu?"

Mwenye duka akacheka. "Mimi hata kumi nitakata. Kubalianeni tu."

"Pima mbili," nikasema tena, kwa ile sauti ya nyumbani, sauti iliyowaamsha wadogo zangu watatu kwenda shule asubuhi na kuwalaza usiku. Haikuwa na mjadala wakati ule, sikuona kwa nini iwe nao sasa. Mwenye duka akakata mbili.

Siku ya bamvua tulikuwa Liwatoni mapema. Pikapu ilisimama juu ya mteremko, mawe yamewekwa mbele ya magurudumu, kamba ya chuma ikashuka hadi kwenye mashua. Magogo yalikuwa yamepakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na harufu yake ilikuwa imetutangulia. Wavutaji nao walikuwapo, wamejipanga ukutani, mikono mapajani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawa usiwajali."

"Twatazama tu, yakhe," akasema mmoja wao. "Fundi, hiyo mashine ikimaliza kazi, nayo itakula pilau?"

"Itakula fungu lako."

Nikabonyeza. Winchi ikanguruma, kamba ikakaza, mashua ikapanda mkono mmoja, miwili. Kisha sauti ikaanza kushuka, ikawa ya mtu anayesinzia, ikasimama. Nikabonyeza tena. Tak, tak, tak, basi. Ukutani wakapiga makofi. "Pilau! Pilau!"

Nikamwita mdogo wangu abonyeze, mimi nikaushika ule waya mwekundu kwa kiganja. Nikasoma Alhamdu taratibu hadi mwisho. Ulikuwa baridi kama ukuta wa birika la msikiti.

"Waya wangu hauna neno," nikasema, na nikasema kwa sauti ili ukuta mzima usikie. "Winchi ndiyo mbovu, Mzee. Umeuziwa chuma chakavu."

Mzee alitazama maji. Yalikuwa yamefika alama ya juu kabisa, na hayangekaa pale kutusubiri. Kule chini ndoo mbili zilikuwa zikimwaga, moja baada ya nyingine.

Mdogo wangu akanisogelea. Angeweza kusema kwa sauti, na leo sijui mimi ningalikuwa yeye kama ningalijizuia. Akasema polepole, "Kaka, ushike na upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa kipande kifupi cha waya kutoka betri hadi kwenye bodi, nilichokifunga kwa nati moja juu ya chuma kilichokula chumvi miaka yote hiyo. Akabonyeza. Nikaweka kiganja. Sikufika hata "Rahmani".

Niliruka hivi kwamba wa ukutani walidhani ni sehemu ya kazi. Nilipoacha kupuliza mkono nikamwendea Mzee. "Winchi yako ni nzima," nikamwambia, kwa sauti ileile niliyoitukania. "Kosa ni langu. Waya niliupima nusu, umeme wa kurudi umekwama kwenye kutu, na huyu aliniambia tangu dukani."

"Sasa hiyo nusu nyingine i wapi?"

Sote wawili, mimi na mdogo wangu, tukageuka upande mmoja. Hatua chache kutoka pale, mchomeleaji alikuwa akiziba tangi. Nikamwomba waya wake wa pili, ule wenye koleo.

"Huukati?"

"Siukati."

"Hata mashine yangu ina nyaya mbili, fundi," akasema akiufungua. "Nilidhani wajua."

Nikaumeza huo nao. Tukaulaza waya sambamba na ule mwekundu, ncha moja kwenye winchi, koleo kwenye betri. Nikabonyeza. Winchi ikalia sauti moja, haikupanda haikushuka, na mashua ikaja juu ya magogo ikidondosha maji ufani, kamba nzima, hadi ikatulia pakavu. Muda wote huo mdogo wangu alikuwa ameushika waya wa mchomeleaji, midomo ikimtembea.

"Amin," akasema, hajauachia.

"Aaamin!" wakaitikia wote ukutani, kwa kuvuta kama wako msikitini. Kisha wakainuka kudai pilau, kwa hoja kwamba wamevuta kwa dua. Mzee akawapikia.

Ijumaa iliyofuata alibisha mlango wetu Tudor, amebeba changu wanne, akamkabidhi mdogo wangu, si mimi. Akasema amezidiwa na samaki. Mashua yake ilikuwa bado juu ya magogo, haina ubao wa chini.