Korosho za Mama kwa Jina Langu

Mimi sikukopa kwa sababu ya njaa. Hilo niliseme mapema, maana watu wa kwetu wakisikia habari ya deni wanaanza kukuonea huruma, na huruma siitaki. Nilikopa kwa sababu ya kioo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza chuo cha ufundi, nasuka na kuseti nywele kwenye fremu ya kupanga pale Nachingwea mjini. Jirani yangu, msusi mwenzangu, akaleta kioo cha ukuta mzima chenye taa pembeni. Wiki haikuisha, wateja wangu wote wakahamia kwake. Nikawaka. Mimi nasuka vizuri kuliko yeye, hata leo nasema, halafu watu wanakwenda kujitazama! Nikaenda benki, wakanipa mkopo wa mwaka mmoja. Nikanunua kioo kikubwa kuliko chake, madraya mawili ya kukaushia nywele na kiti cha kuzunguka. Siku kilipofika nilikikalia mwenyewe nikajizungusha mpaka kichwa kikauma. Loo, ujana!

Kitu nilichosahau, mimi mtoto wa mkulima, ni kwamba kusini pesa zina msimu wake. Korosho zikiuzwa, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, hata bibi kizee anataka rasta. Ufuta ukiuzwa, hivyo hivyo. Katikati hapo ni masika, watu wanalima, wanafunga vilemba na maisha yanaendelea. Benki yenyewe haijui masika. Kila mwisho wa mwezi inataka chake.

Kulipa benki, nikaingia kikundi cha akina mama cha mikopo ya kila wiki, ile tunayoiita kausha damu. Nikawa nakaa kwenye benchi kila Jumatano, na kama mmoja hana rejesho hakuna anayeondoka mpaka lipatikane. Mara mbili mfululizo asiyekuwa nalo nilikuwa mimi. Wanawake watu wazima, wana watoto wanasubiri kula, wananitazama tu. Mmoja akasema, "Kiti cha kuzunguka anacho, rejesho hana." Nilitamani ardhi ipasuke. Basi kulipa kausha damu nikakopa kwenye simu, kwenye programu moja inayokupa pesa ndani ya dakika tano. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi harusi yenyewe sikuiona, nilipitiliza matangani.

Wale wa kwenye simu nilipochelewa hawakunifuata mimi. Walichukua namba zote zilizomo kwenye simu yangu wakazitumia ujumbe: mjulisheni ndugu yenu huyu, ni mdaiwa sugu, anakimbia deni. Muuza mkaa akaupata. Mwalimu wangu wa madrasa akaupata. Kijana mmoja niliyemkataa akaupata, akanijibu kwa alama ya kicheko.

Na mama akaupata.

Mama yangu anakaa Narung'ombe, upande wa Ruangwa. Hajui kusoma. Kuhesabu anajua kuliko mimi, Kimwera anakijua na Kiyao, na Kiswahili chake cha sokoni kinamtosha, ila herufi hakuzipata. Nilipokwenda kumsalimia wiki ile akanitolea kile kisimu chake cha vitufe. "Nisomee hapa, mwanangu. Labda ni habari ya salfa." Salfa ndiyo dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, na wakati ule wakulima walikuwa wanangojea kuambiwa imefika. Nikashika simu. Jina langu limeandikwa pale, lote, na la baba. Nikamwambia, "Ni mtandao, mama, wanatangaza vifurushi." Akasema, "Hawa nao hawachoki," akarudisha simu kwenye fundo la kanga. Nikanywa maji aliyonipa. Nilijichukia, lakini nilishukuru pia, na sijui kipi kilizidi.

Sasa nieleze habari ya mikorosho, maana roho ya mambo yote ipo hapo. Mama ana mikorosho aliyoachiwa na mama yake. Kwetu miti inafuata upande wa mama, kwa hiyo siku moja ingekuwa yangu. Miti kumi na mmoja, ile mizuri ya karibu na njia, alikuwa ameiweka rehani kwa mzee mmoja wa kijijini ili nipate ada ya chuo. Mwenye kushika rehani anavuna yeye. Ukimrudishia pesa yake, miti inarudi. Walikubaliana misimu mitatu. Ikipita bila kulipwa, miti ni yake moja kwa moja. Msimu ninaousema ndio ulikuwa wa tatu. Mama alikuwa amebakiwa na miti michache ya bondeni, na mavuno ya hiyo michache, akijumlisha na akiba yake kidogo, ndiyo yangeikomboa ile kumi na mmoja. Alikuwa ameyapiga mahesabu hayo tangu mwaka wa kwanza. Aliokota korosho mgongo umepinda, hakuuza hata kisado kimoja kwa walanguzi wa pembeni, ingawa kuna siku alilala na uji.

Ili uuze korosho kwenye chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, lazima uwe na akaunti, kwa sababu malipo yanapita benki. Mama hakuwa nayo. Mimi ninayo. Kwa hiyo kama wazee wengi wanavyofanya, korosho zake ziliandikwa kwa jina la mtoto wake.

Siku ya kupima nilikuwepo. Karani akaniuliza namba ya akaunti. Nilikuwa na marejesho ya miezi mitatu benki sijalipa, na akaunti ni ile ile. Nilijua. Watu wakinisimulia habari zao huwa wanasema "sikujua", na mimi nimewahi kusema hivyo kwa watu, lakini nilijua. Ningeweza kusema, mama, tutafute akaunti ya mtu mwingine. Angeuliza kwa nini. Na mimi, mwenye fremu mjini, niliyesomeshwa kwa miti, ningemjibu nini mbele ya foleni ile yote? Nikajidanganya kwamba pesa ya korosho pengine haikatwi. Nikajidanganya kwamba ikiingia nitakimbia kuitoa kabla hawajaamka. Nikamtajia karani namba. Mama akatabasamu, akaniambia, "Taja tena, asije akakosea." Nikaitaja tena.

Baada ya wiki tatu simu ikalia nikiwa namsuka mtu. Zimeingia. Kabla sijaweka kitana chini ikalia mara ya pili. Zimekatwa. Nikaenda benki na mafuta ya nywele mikononi, nikagomba, nikalia. Afisa mikopo alikuwa kijana wa rika langu, mpole, akanigeuzia kompyuta nione. "Dada yangu, mkataba ulisaini mwenyewe. Na jina lako limechafuka kwenye mfumo. Hata ukienda benki nyingine leo, hukopesheki." Nikamwambia pesa ni ya mama yangu. Akasema, "Hapa imeandikwa ya kwako."

Nilikwenda Narung'ombe, lakini sikwenda kwa mama. Nilipitia nyuma, nikaenda kwa yule mzee mwenye rehani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwali. Umekuja na mzigo wangu?" Nikapiga magoti, nikamweleza yote, nikamwomba aongeze msimu mmoja, na nikamwomba asimwambie mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikudai wewe. Namdai mama yako. Kamlete, tuzungumze watatu." Nikamsihi. Akachukua jembe lake akaniacha pale pale chini.

Mama alikuwa uani anapukuchua mbaazi. Mtu mzima akikuona na uso kama ule niliokuwa nao hana haja ya kuuliza, lakini aliuliza. Nikasema. Benki, kikundi, simu, ule ujumbe niliomsomea uongo, pesa za korosho.

"Zote?" akauliza.

"Zote, mama."

Akasema neno moja la Kimwera ambalo sitaliandika hapa. Halafu akakusanya maganda ya mbaazi kwenye ungo, moja moja, akaenda kuyamwaga kwa mbuzi. Sikupigwa, sikutukanwa zaidi ya hilo neno. Kwa siku tatu aliitikia salamu yangu, akanipakulia ugali wa muhogo na kisamvu, basi. Mimi ni mtu wa maneno, najibishana hata na redio. Bora angenichapa.

Siku ya nne akajifunga kanga, akasema, "Twende." Kwa mzee alikaa chini kwenye mkeka, yeye ambaye hajawahi kumwomba mtu chumvi, akaomba. Mzee akakubali: atavuna msimu mmoja zaidi, na kabla mikorosho haijatoa maua ya mwaka unaofuata pesa iwe mkononi. Baada ya hapo, basi. Njiani kurudi nikamwambia mama nitalipa mimi. Akajibu, "Nani mwingine?"

Nilirudi Nachingwea nikafunga fremu. Kiti cha kuzunguka nilimuuzia kinyozi. Madraya yalichukuliwa na kikundi, na ilikuwa haki yao. Kioo alikinunua yule yule jirani yangu, kwa bei ya kunidhalilisha, nikapokea. Nikaenda kwa akina mama wa Jumatano kwa miguu yangu, nikawaambia deni langu ni hili, nitaleta kidogo kidogo, msinifuate. Mwenyekiti wao akasema, "Dawa ya deni kulipa, mwanangu, siyo kujificha." Kauli ya kila mtu, lakini siku ile ilinituliza. Wale wa kwenye simu niliwalipa mwisho, kwa hasira, na siku nilipomaliza niliwatumia ujumbe ambao mwalimu wangu wa madrasa asingeupenda.

Kisha nikahamia Ruangwa mjini. Kule kulikuwa na wageni wengi wa mambo ya madini, na wageni wanakula na wanasuka masika na kiangazi. Asubuhi nilikuwa naosha vyombo na kukaanga chapati kwa mama lishe mmoja, mchana nasuka majumbani mwa watu, mteja kakaa kwenye kigoda, mimi nimesimama. Siku za gulio nilibeba kitana na uzi nikaenda Matambarale na kokote kulikokuwa na watu. Vidole viliota sugu. Nilipanga chumba na wasichana wawili wa jikoni, na nilikuwa mkali kwao, kwa sababu kila aliyenunua soda mbele yangu nilimwona mchokozi. Sikununua nguo Iddi ile wala iliyofuata. Mtu aliwahi kuniposa, nikamuuliza kwanza kama anadaiwa. Hakurudi.

Ulikuwa mwaka na nusu. Kuna miezi niliyokaa na pesa mkononi nikafikiria kukimbilia Dar, wacha miti iende, miti ni miti. Kilichonizuia si wema. Nilikuwa nikifunga macho naona mama kwenye ule mkeka.

Mwezi wa tano, maua bado, nikapeleka pesa. Nilimpa mama, yeye akampa mzee, mzee akahesabu mara mbili, akatutembeza kwenye miti kumi na mmoja akiugusa kila mmoja na kusema "huu wako". Mama alishika shina la mti wa mwisho akaniombea dua ndefu, ya dunia na ya akhera, na nililia bila aibu. Mwezi ule ule benki ilinipigia simu. Yule afisa mpole alisema deni lao lilishakwisha na jina langu sasa ni safi, wanaweza kunipa mara mbili ya ule mkopo wa kwanza. Nilimwambia nitafikiri. Kusema kweli nilifurahi, nilijiona mtu tena.

Msimu ukafika. Nilirudi kijijini kuokota, nikapuliza dawa mwenyewe kabla ya hapo, nikapalilia, nikajaza magunia kwa mikono hii. Mama alikuwa anacheka nami, anaimba, ananitania kwamba mjini wamenifundisha uvivu. Tukakodi pikipiki ya matairi matatu tukapeleka mzigo chamani. Gunia la kwanza likawekwa kwenye mizani. Karani akatupa jicho kwangu, ananikumbuka, akashika kalamu. "Akaunti?"

Nikafungua mdomo. Mama alikuwa ameshatoa kikaratasi, anamkabidhi. Karani akakisoma kwa sauti, jina na namba. Lilikuwa jina la binti wa jirani yetu, muuza vitumbua, mtoto wa miaka kumi na tisa.

Foleni nzima ilisikia. Mama hakugeuka mpaka karani alipomaliza kuandika.

"Usinune, mwanangu," akasema taratibu. "Miti umenirudishia, Mungu akulipe. Lakini pesa acha ipite kwingine."

"Sawa, mama," nikasema.

"Gunia la pili," akasema karani. Nikainama, nikalinyanyua.