Sayari Iliyolisogelea Mno Jua Lake

Harufu ya makaa mabichi yanayokataa kushika moto ndiyo inayonirudisha Kolwezi, kwenye ua wetu, kiangazi kile ambacho vumbi jekundu liliingia hadi kwenye chumvi. Mama alikuwa akipepea mbabula, jiko lake la bati, na kaka yangu Trésor amejibana ubavuni pake kama kawaida yake: kifungua mimba, mkubwa wa mwili, mvivu wa kupindukia. Tata, baba yetu, akatoka ndani na redio mkononi. Wataalamu walikuwa wamegundua nyota inayofanana na jua letu, na sayari kubwa ajabu inayoizunguka kwa karibu mno hata mwaka wake huisha kwa siku nne. Sayari yenyewe hakuna aliyeiona. Waliona nyota ikiyumba, wakajua kuna kitu kinaivuta.

Mama alicheka, akasema redio imelewa. Basi tata akamshika Trésor mikono na kumzungusha hewani katikati ya ua, huku akipiga kelele, "Muangalie miguu yangu!" Miguu haikutulia, ilichora duara dogo vumbini. "Tata, na weye unazunguka!" nilisema. "Njo vile nyota inafanya," alijibu akihema, na sisi tukacheka mpaka tukakaa chini.

Muda si mrefu vijana wa mtaa walianza kuacha shule na kwenda kuchimba mawe ya shaba. Tata akaamua Trésor akakae na baba mdogo huko Kasaji. Mama hakupinga. Alimfungia mihogo ya kuchemsha, akaipungia treni mkono, akarudi nyumbani. Kisha akaanza kukosea. Bukari, ugali wetu aliosifiwa kwa kuusonga, ukajaa madonge. Jumapili, kwaya nzima imenyamaza, akaanza kuimba peke yake. Nilimwonea huruma, nikaogopa pia. Tata alimtazama siku kadhaa bila kuuliza, hadi alipoweka tonge chini na kusema, "Mama Trésor, mi nakwenda kumuleta." Akamleta kweli, na mama akakimbilia stesheni na kiatu kimoja mkononi.

Leo Trésor ana mvi, anafanya kazi Kingamyambo, kwenye mabaki ya migodi ya shaba, na nyumba yake imepakana na ya mama. Vumbi la malori limezifunika nyota, na sayari za aina ile zimegunduliwa nyingi hata redio haizitaji tena. Mimi nafundisha fizikia Lubumbashi, mji niliopelekwa kusoma mwaka uliofuata kurudi kwa Trésor. Nililia nyumbani kwa shangazi hadi macho yakavimba, na hakuna aliyekuja kunichukua. Huwaeleza wanafunzi wangu kwamba sayari ndogo iliyo mbali pia huivuta nyota yake, ila kidogo sana, na kuupima mvuto huo ni kazi. Krismasi iliyopita nilimuuliza mama kwa nini mimi, binti yake, niliachwa. Alishangaa, akanishika shavu. "Weye ulikuwa na nguvu, mama," alisema. Nimelea watoto, nimezika mume, na bado natamani ningefuatwa.