Msukuma machela aliyetafuta karama mimbarini

Saa moja asubuhi, magurudumu ya machela yanalia juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Anayeisukuma ni mwanamume mrefu mwenye kipara. Aliyelala juu yake ni mama muuza nguo, anapelekwa kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Macho ameyafumba, vidole vimeng'ang'ania shuka.

"Mama, hapo mbele pana kibonde. Tutaruka kidogo, usishtuke."

"Hospitali nzima mmeipaka rangi, hicho kibonde mkakiacha?"

"Kikizibwa, nitaongea nini na wagonjwa?"

Mama anacheka, kisha machozi yanamtoka. Msukumaji anaiegesha machela pembeni na kuinama. Hamwambii asilie. Anamwachia kiganja chake akishike mpaka pumzi zitulie.

"Niombe, au twende tu?"

"Omba, baba. Lakini fupi."

Anaomba sentensi mbili. Wanaendelea.

Wenzake humwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake kila anapokata kona. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Mshahara, anasema, "huja kunisalimia tu, haulali."

Kwa muda mrefu hakuona kazi hii inahusiana vipi na imani yake. Karama za Roho, kwa mawazo yake, zilikaa mimbarini. Mdogo wake ni mwinjilisti anayejaza viwanja, basi Taratibu naye akafunga na kuomba apewe karama hiyo hiyo. Mchungaji wake akampa Jumapili moja ahubiri.

"Nilijiandaa mwezi mzima," anasimulia. "Nilipoinua macho, safu ya mbele yote imelala usingizi wa pono. Mzee wa kanisa anakoroma kabisa!"

Nyumbani aliyauliza maoni ya mkewe, fundi cherehani asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Baba watoto, uliyosema yote ni kweli," mkewe akamjibu. "Ila yule aliyekuwa anaongea simjui."

Jibu lile lilimchoma. Kuanzia hapo alikaa kiti cha nyuma kanisani na kukataa kila huduma aliyopewa. Alijiona mtu aliyesahaulika wakati wenzake wakigawiwa.

Kisha mkewe akaota uvimbe shingoni. Siku ya upasuaji, mkuu wa zamu alimwambia apumzike, mwingine atamsukuma. Akakataa. Lakini alisukuma kimya. Hata kwenye kona hakutoa neno.

"Mbona umekuwa bubu?" mkewe akauliza.

"Naogopa, mama watoto."

"Hata mimi. Basi nifanyie unavyowafanyia wengine." Mkewe akamweleza aliyoyasikia akiwa amelazwa. "Bibi wa kitanda cha jirani ameniambia humu kuna mtu, akikusukuma unajiona umesindikizwa na ndugu. Nikamwambia huyo ni mume wangu. Hakuamini. Na mimi nikajiuliza, kwa nini mtu huyo sijawahi kumwona kanisani?"

Taratibu akasimamisha machela katikati ya korido na kumshika mkono.

"Sikumbuki niliomba nini," anasema, akipangusa uso kwa kiwiko. "Nakumbuka tu kwamba kwa mara ya kwanza nilijua ninachofanya."

Mkewe alitoka salama, ila sauti yake imebaki ya mkwaruzo hadi leo. "Mwenzangu alitafuta sauti ya kuhubiri, mimi nikapoteza ya kugombeza," anatania akiwa kwenye cherehani yake. "Ana nafuu yeye."

Si wote wanaorudi. Taratibu hulijua hilo kuliko wengi.

"Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeushika, si mwepesi," anasema. "Simwahidi mtu kwamba atapona, hilo haliko mikononi mwangu. Namwahidi kwamba mlangoni hatafika peke yake."

Sasa mchungaji amemkabidhi kikundi cha kutembelea wagonjwa. Waliojitokeza siku ya kwanza aliwauliza swali moja: "Mnaweza kunyamaza?" Baadhi hawakurudi.

Mwakani anastaafu. Wanawe wanataka apumzike, naye ana lake. Nje ya chumba cha upasuaji kuna benchi la mbao ambapo ndugu za wagonjwa husubiri, macho mlangoni. Miaka yote amewapita akikimbilia mgonjwa mwingine.

"Sijawahi kupata nafasi ya kukaa nao," anasema. "Nikistaafu, nitakaa."