Barua ya Mzazi

Shuleni kwetu, habari za chuo zilikuwa za kusubiri matokeo ya kidato cha sita, kisha upange foleni na wenzako. Mimi kusubiri sikuwezi. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna vyuo nje ya nchi vinavyopokea maombi kabla hata hujafanya mtihani, tena unaomba mwenyewe, bila wakala wala ndugu wizarani. Nikasema potelea mbali, najaribu.

Simu shuleni zilikatazwa, kwa hiyo kila kitu nilikibana kwenye likizo ya Desemba. Nyumbani ni mlimani, juu ya Bigwa, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi mjini. Baba alikuwa akishuka na karoti na figili kwenda sokoni, nami nafuatana naye, karatasi zangu nimezifunga kwenye nailoni zisilowe. Yeye anabaki sokoni, mimi naenda steshenari ya mama mmoja wa Kihindi aliyeniachia kompyuta yake ya pembeni. Insha zote za maombi niliziandikia pale, huku watu wakitoa kopi za vitambulisho nyuma yangu.

Mwisho wa fomu paliombwa barua ya mzazi, aeleze kwa maneno yake mtoto wake ni mtu wa namna gani. Sikufikiri mara mbili. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno zito juu yake, iwe posa au shule, analitoa mjomba. Hata shamba analolima baba ni la ukoo wa mama. Basi nikaenda kwa mjomba, kaka yake mama, bonde la pili. Alivaa kwanza koti, mchana ule, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ndipo akaanza kunitajia la kuandika. Ilikuwa barua ya heshima kweli: ukoo wetu, adabu yangu, na habari ndefu za babu aliyekuwa katekista. Nikaitafsiri, nikaituma. Baba nilimwambia njiani tu, baada ya kuituma.

"Sawa," akasema, akahamishia tenga bega la pili.

Jibu la chuo lilikuja Alhamisi, na mwisho wa maombi ulikuwa Jumatatu. Mama wa steshenari alivaa miwani, tukasoma pamoja kwa sauti, tukitafsiri. Walishukuru kwa barua ya mjomba, lakini walitaka ya mzazi. Kwenye fomu mzazi niliyemtaja ni baba, ila yeye hakusema lolote. Bila barua hiyo maombi yangu yasingeendelea.

"Baba alishafariki, binti?" akauliza yule mama kwa sauti ya pole.

"Hapana, mama. Yule pale."

Alikuwa barazani na tenga lake tupu, ananisubiri. Mlango ulikuwa wazi na alikuwa amesikia kila kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukiwa tunapanda kurudi nikamwomba aandike, maneno machache tu. Akakataa.

"Mwenye neno ni mjomba wako," akasema. "Nikiandika mimi, nitakuwa nimempita."

Hasira zangu haziko mbali. Nikamwambia nitakosa chuo kwa sababu ya adabu zake, maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona aibu. Nikaongeza mwendo, nikamwacha nyuma na tenga lake, nikafika nyumbani peke yangu. Ijumaa na Jumamosi alishinda shambani.

Jumapili baada ya misa mjomba alikuja, na koti lake. Mama ndiye aliyemwita, bila kumwambia mtu.

"Shemeji," akamwambia baba, "mimi nimeshasema ya ukoo. Lakini huyu mtoto akiumwa sijawahi kukesha naye hata mara moja. Wewe ndiye unayemjua. Sema, mimi nipo hapa nasikiliza."

Baba akavua kofia. Kisha akaanza kusema polepole, macho yake yako kwenye kofia, nami nikaandika juu ya goti.

"Mimi ni baba yake. Mlima huu tumeushuka na kuupanda pamoja tangu namweka ndani ya tenga, juu ya karoti. Ana akili, hilo mmeshaliona kwenye vyeti. Ila akiogopa hasemi. Akiogopa hutembea haraka, na watu hudhani amekasirika. Huko kwenu mimi sitakuwepo. Mkimwona anatembea haraka, naomba mumsimamishe, mumuulize."

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Mengine mjomba wako ameshasema."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akamshika baba mkono.

Jumatatu niliitafsiri kwenye kompyuta ya pembeni, sioni vizuri kwa machozi, na mama wa steshenari akajifanya anapanga kalamu. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka yangu yote, nikamwona mtu wa kushuka naye sokoni tu. Nikabonyeza kutuma zikiwa zimebaki saa chache.

Nafasi niliipata. Wiki ya kwanza chuoni sikujua darasa liko jengo gani, wala kama baridi ile ni ya kawaida. Nilikuwa nakatiza korido ndefu, vitabu kifuani, wakati mama mmoja mwenye mvi, wa ofisi ya wanafunzi wageni, alipotoka mlangoni. Sikuwa nimewahi kumwona. Akaniita jina langu, akilitamka vibaya.

"Mbona unatembea haraka?" akauliza.

Nikasimama. Nikamwambia kwamba naogopa.