Kitanda Kilichogeuka Jembe

Masini ile ilikuja bila jembe, na mpaka leo hakuna aliyenieleza sababu. Ni masini ndogo ya magurudumu mawili, unaishika kwa nyuma na mikono yote miwili, nayo inakuvuta kama mbuzi mkaidi. Watu wa mradi walituletea sisi bamama wa kikundi, karibu wote wajane, ili tulime. Waliishusha, wakapiga picha, wakaenda. Nyuma yake ilifungwa kigari cha kubeba mizigo. Jembe hakuna. Mutu anakupa mwiko, sufuria anabaki nayo, halafu anangoja umuambie asante.

Mdogo wa marehemu mume wangu ndiye prezida wa komite ya kijiji. Aliizunguka masini, akaipiga teke kidogo kwenye gurudumu.

“Haina jembe,” alisema. “Basi iko ya kubeba.”

Kesho yake ilibeba mbao. Mbao zake. Kiangazi chote ilipanda na kushuka na mbao zake, na sisi tunaipisha njiani na vikapu mgongoni.

Ningeweza kuvumilia, kama si shamba. Nilizaliwa Ntoto, kule chini msituni, ambako ukitaka shamba unapigana na miti tu. Niliolewa huku Masisi, ambako kila mteremko una mwenyewe, na mwenyewe ana ng'ombe. Mwenye malisho ya juu alituachia mteremko mmoja kwa masharti ambayo kila mutu aliyasikia: mvua ya maharagi ikikuta udongo umefunguliwa, shamba ni letu mpaka mavuno. Ikikuta majani, ng'ombe wanashuka. Na majani yalikuwa yamejaa, maana tulikuwa tumekimbia vita na kurudi, na majani hayakukimbia. Mizizi yake ni kama kamba. Majembe yetu yalirukaruka juu yake, na migongo yetu si ya zamani.

Nilikwenda senta kwa fundi wa kuunga vyuma.

“Koko, jembe ya masini inatokaka Goma,” aliniambia, kama mjukuu anayemwambia bibi yake.

“Na chuma ya Goma inatoka wapi? Inaota mu shamba kama muhogo?”

Alicheka. “Leta chuma basi, tuone.”

Tulitafuta chuma. Muchuuzi mmoja anayekwenda Mpofi kununua mawese alituletea vipande vya spiringi kutoka kwa kamyo iliyokufa kando ya njia, nilimupa kuku. Hizo zilifaa kwa ulimi wa jembe. Lakini fundi alitaka pia chuma ndefu, nyoofu, ya kushikisha ulimi kwenye masini, na hiyo haikupatikana. Nilirudi nyumbani, nikakaa juu ya kitanda changu kufikiri, na nikakisikia chini yangu. Kitanda cha chuma. Mume wangu alikinunua wakati bado alikuwa na nguvu za kununua vitu.

Nilishusha godoro chini. Bamama wenzangu wawili wakanisaidia kukibeba.

Shemeji alitukuta njiani. Kwetu kitanda cha marehemu hakiguswi bila jamaa kukaa na kusema. Ninajua. Sikuhitaji kufundishwa na mutu niliyemupangusa kamasi.

“Munapeleka wapi kitanda ya kaka yangu?”

“Kulima.”

“Mama, hiyo iko matusi. Utakata kitanda ya mufu?”

“Mufu hakukilalia peke yake. Wakati kilikuwa na kunguni hukusema ni cha kaka yako. Mbao zako zinalala juu ya masini yetu tangu kiangazi, jamaa gani ilikaa na kusema?”

Wale bamama wawili walicheka mpaka wakashusha kitanda. Yeye alisema ataita wazee. Aite. Wazee wa ukoo wanakula maharagi kama watu wengine.

Fundi alikata, akaunga. Akauliza ulimi ukunjwe namna gani, nasi tukamuonyesha kwa mikono, kama tunavyolima tangu kuzaliwa: unasimama chini, unatazama juu, unavuta udongo kuja kwako. Alikunja hivyohivyo. Tuliifungua masini kutoka kwenye kigari, mbele ya macho ya shemeji, tukaivusha kwa upana wa mteremko. Ilipasua mizizi vizuri, udongo ukaangukia chini, nikasema Mungu ni mwema. Tukafika mwisho, tukageuka. Ndipo ulimi ukaanza kutupa udongo juu, na udongo wa Masisi haukai juu, ulirudi wote ndani ya mfereji, majani yakafukiwa nusu na kutazama mbingu. Mkono wako unajigeuza bila wewe kujua. Chuma hakijigeuzi.

“Inalimaka kwenda,” shemeji alisema pale juu kwenye uzio wa malisho, “kurudi inatembeaka tu, kama prefe wa masomo anayekagua shule.”

Watu walicheka. Mimi pia ningecheka, kama mawingu hayakuwa yanakusanyika kila alasiri.

Mwenzetu mmoja, mama mnyamavu anayekaa karibu na kanisa, alikuwa na chukudu iliyovunjika nyuma ya nyumba, kile kigari cha mbao cha kusukuma. “Chukudu inageuka kichwa,” alisema. “Chuma yake ya shingo bado iko.” Tulikwenda nayo kwa fundi. Aliunga ulimi wa pili mgongoni mwa ule wa kwanza, umekunjwa upande wa pili, akazitia ndimi zote mbili kwenye shingo ya chukudu, na msumari mnene wa kuzizuia. Ukifika mwisho unachomoa msumari, unapindua jembe, unarudi. Udongo chini, kwenda na kurudi.

Tulilima kwa zamu, anayechoka anapokewa. Hatukungoja vikao vya mutu.

Mvua ilipofika, muchungaji wa yule mwenye malisho alishuka na ng'ombe mpaka kwenye uzio, kama alivyotumwa. Alitazama mteremko mweusi, matuta yamelala kwa upana, bamama wanapanda. Alisimama akitafuna jani. Kisha akawapigia ng'ombe mluzi, wakapanda tena.

Wiki hiyohiyo shemeji alikuja nyumbani. Hakutaja wazee. Alikaa kwenye kiti, akasifu maharagi ambayo hata hayajaota.

“Mama, masini inaweza kupita kwangu pia? Shamba yangu imejaa majani.”

“Itapita, sisi tukimaliza. Utashika mwenyewe nyuma. Na ulete mbao. Kitanda ya kaka yako iko mu shamba, na mie ninalala chini.”

Alileta mbao. Zilikuwa fupi, miguu yangu ingening'inia nje kama ya mufu asiye na jamaa.

Nilizirudisha. Zamu yake bado.