Mpima Pamba Jikoni

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwetu Somanda msichana mmoja wa chuo, mpole, miwani inamteleza puani, kishikwambi mkononi. Anafanya utafiti kwa ajili ya shahada yake ya pili, kuhusu familia zilizouguza mtoto mwenye ugonjwa wa kutokula, na jinsi watu wa nyumbani wanavyohusika katika kupona kwake. Nesi wetu ndiye aliyemwelekeza kwetu, baada ya kutuuliza kama tuko radhi. Tulikuwa radhi. Binti yangu mwenyewe alisema, "Mwambie yote, baba, ila kilo usimtajie."

Maswali yake yalikuwa ya kuchagua: sana, kiasi, kidogo, hapana. Akasoma la kwanza, "Je, baba alishiriki katika milo ya mgonjwa?" Nikamwambia, "Mama, weka hiyo mashine chini kwanza, unywe chai." Mtu anayemuuliza mzee wa Kisukuma kama alishiriki mlo na binti yake hajui anauliza nini.

Kwetu baba na binti hawali pamoja. Hakuna ugomvi, ndivyo nyumba inavyokwenda. Mimi na wanangu wa kiume na mgeni yeyote aliyepita tunaletewa ugali barazani, tunanawa, tunakula, tunashukuru. Mama na mabinti wanakula jikoni, jengo dogo la nyuma, sinia moja, mikono minne au mitano. Miaka kumi na sita niliishi na binti yangu wa pili bila kumwona akitafuna. Ningeapa kwamba anakula vizuri, kwa sababu sinia lilirudi tupu kila siku. Sinia la watu watano likirudi tupu, nani atajua kwamba wamekula wanne?

Na mimi ni mtu wa kujua vitu vya namna hiyo, ndicho kinachoniuma. Kazi yangu ni kupima pamba. Kila msimu nakaa kwenye kituo cha kununulia kule Nkoma, mizani imening'inia kwenye boriti, wakulima wamepanga magunia yao, na mimi nasoma. Mkulima akichanganya mchanga kwenye pamba namjua kabla hajashusha gunia, kwa jinsi anavyolibeba huku akitazama pembeni. Watu wananiita macho ya mizani. Macho hayo hayakuona lolote nyumbani kwangu.

Sasa hapa pana jambo ambalo nililisema kwa yule mtafiti huku nikitazama chai yangu. Kila msimu ulipofunguliwa, kabla ya gunia la kwanza, nilikuwa na mchezo wangu. Niliwapima watoto. Mmoja mmoja aliishika ile ndoano kwa mikono miwili, akakunja miguu, nami nikasoma kilo zake kwa sauti ya kituo kizima kusikia. Wakulima walishangilia. Kwetu unene ni sifa, mtu akikwambia umenenepa amekuombea heri. Mwaka wa mwisho binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, amerudi likizo kutoka bweni, ameshakuwa msichana. Nikasoma kilo zake, nikaongeza kwa madaha, "Daraja la kwanza hili! Ng'ombe thelathini wa mahari hawatoshi." Kituo kizima kilipiga makofi. Naye alicheka. Nilikiona kicheko chake, nikaridhika nacho, nikaita gunia linalofuata.

Likizo iliyofuata nguo zilikuwa zinamning'inia. Mama yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hakawii kuchukua hatua, akampeleka kupima malaria, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, kisha mimba, na kila karatasi ilirudi safi. Shangazi yangu wa Ngulyati akasema haya si ya hospitali, mizimu ya ukoo imesahauliwa, inataka mbuzi mweupe. Mimi ni Mkristo wa kanisani, lakini ni mpwa wa shangazi pia. Mbuzi akachinjwa. Ukoo mzima ulikula siku ile mpaka watoto wakalala na mifupa mikononi, na mtu pekee ambaye hakuonja ni yule tuliyemchinjia.

Alipoanguka akifua nguo ndipo tukakimbia naye hospitali, bodaboda mbili, yeye na mama yake mbele, mimi nyuma nikiomba Mungu kwa sauti. Daktari alisikiliza moyo wake, akausikiliza tena, akatuambia unapiga polepole mno, mwili umeanza kujila wenyewe. Akasema bila kuzunguka kwamba asipokula tunaweza kumpoteza. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa wodi nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Alilazwa mpaka moyo ukatulia. Siku ya kuruhusiwa tulikabidhiwa kwa nesi wa afya ya akili, mama mmoja mfupi kutoka Tanga, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyodanganyika. Nilidhani atatupa vidonge. Akasema, "Baba, dawa yake ni chakula. Milo mitatu kwa siku, na miwili midogo katikati. Na dawa hii haimezwi peke yake. Kila mlo mtu mzima mmoja akae naye, ale naye, toka mwanzo mpaka sahani iishe, na nusu saa baada ya hapo."

Asubuhi na jioni mama yake angeweza. Mchana yuko darasani anafundisha, na binti alikuwa amepumzishwa bweni.

"Mchana nani yupo nyumbani?" nesi akauliza.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Msimu wa pamba umefungwa, mpima pamba hana cha kupima. Wote wawili wakanitazama.

Nilijitetea. Nilimweleza nesi mila, nikamweleza baraza na jiko, nikasema shangazi angeweza kuja. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote za pwani, kisha akasema, "Mila yenu nzuri, baba. Basi chagua wewe, utaila barazani mila hiyo, au utamla mwanao jikoni?" Halafu akajisikia vibaya, akaniomba radhi, akasema alimaanisha utakula naye. Nilimwambia amesema sawasawa.

Kabla hatujaondoka nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa kooni, habari ya ndoano na makofi. Nilitaka aniambie ni mimi. Alisema ugonjwa huu hauna mlango mmoja, unaingia kwa milango mingi, na akilaumiwa baba au mama nyumba inapoteza mkono wa kulisha. "Huo mchezo uache," alisema, "na hatia uiache hapa hapa kwenye benchi langu, huna haja ya kuisafirisha mpaka Somanda." Niliiacha kiasi. Nyingine bado ninayo.

Basi nikanunua kigoda. Cha mke wangu kilikuwa kifupi, kilinifikisha magoti masikioni. Siku ya kwanza niliingia jikoni kwangu kama mgeni anayetafuta mwenyeji. Moshi ulinitoa machozi kabla ya huzuni. Sahani mbili sasa, kila mtu yake, kama nesi alivyoagiza: ugali, mchicha wa karanga, kipande cha sato. Binti yangu aliitazama sahani yake, akanitazama mimi, akasema, "Shikamoo baba," ingawa alikuwa ameshaniamkia asubuhi. Nikaitika tena, nikanawa.

Jirani yangu, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe, alipita siku ile akaniona mlangoni mwa jiko.

"Mwadila," akanisalimia.

"Mwadila."

"Naona umehamishiwa kituo. Mama mwalimu amekufukuza barazani?"

"Kuna kazi huku."

"Kazi ya kula," akasema, akaondoka akicheka, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba macho ya mizani anakula na wanawake.

Wiki ya kwanza sisahau. Alilia juu ya ugali kimya kimya, machozi yakidondoka kwenye mboga. Sheria ya nesi ilikuwa usisifu, usikaripie, usiutaje mwili, zungumza mambo mengine, na usinyanyuke. Siku ya nne nilivunja sheria zote kwa mpigo. Nilimwambia kuna watoto hapa Simiyu wanaolala njaa, nikapiga sahani yangu chini, mchuzi ukaruka hadi ukutani. Alijikunja pale alipokaa na hakutia tonge jingine mdomoni mpaka jioni. Nilimpigia nesi nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Akaniuliza, "Kwenye pamba kuna mdudu gani mbaya kuliko wote?" Nikamwambia funza wa vitumba. Anaingia ndani ya kitumba, nje unaona kijani kizuri, ndani hamna kitu. "Ukimwona funza, unaupiga mti?" Hapana, nikasema.

Jambo hilo nililielewa. Kuanzia siku ile, akisukuma sahani nilijisemea ni funza huyo, si mwanangu, na nikabaki kwenye kigoda. Nilimngoja. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima na robo, na ugali ukishapoa unakuwa tofali, lakini kama kuna kitu kupima pamba kumenifundisha ni kukaa na foleni.

Na kwa kuwa ilibidi kuzungumza, nikazungumza nilichokijua. Nilimsimulia habari za kituoni. Yule bwana aliyeficha jiwe la kusagia ndani ya gunia, likamdondokea mguuni mbele ya watu wote, akadai ni pamba mbichi. Bibi mmoja aliyekuja na gunia moja kila siku kwa wiki mbili, kumbe nyumbani alikuwa nayo kumi, ila alipenda maongezi ya foleni. Kwenye habari ya huyu bibi binti yangu alicheka, tonge likiwa mdomoni, na akalimeza kabla hajakumbuka kuliogopa. Nilitazama ukuta wenye mchuzi.

Taratibu akaanza kunisimulia na yeye. Kwamba anapenda kuchora nyumba. Kwamba bwenini kuna paka anayefuata kengele. Kwamba anataka kujua kwa nini mimi na jirani hatujamaliza ugomvi wa mpaka. Nilikuwa nimeishi na mtu miaka kumi na sita, na nikatambulishwa kwake na sahani ya ugali.

Kliniki ilikuwa kila wiki. Alipimwa akiwa ameipa mizani mgongo, ili namba isimtawale. Mara ya kwanza macho yangu yalikimbilia namba yenyewe, ni mazoea ya kazi, na uso wangu ukaisoma kwa sauti. Nesi alinishika kiwiko, "Baba, nje." Tangu hapo nilingojea kwenye benchi. Kupona kwenyewe hakukunyooka. Kulikuwa na mwezi mzuri, kisha Pasaka ikaja na ndugu zake, mmoja akamwambia umenenepa sasa, kwa mapenzi yake yote, na tukarudi nyuma wiki tatu. Baada ya hapo nilizunguka ukoo mzima, nyumba kwa nyumba, mpaka Ngulyati, nikiwaomba watu wasitoe sifa waliyofundishwa na mama zao. Shangazi alifikiri sana. "Basi nimwambie nini, ng'wanone, mwanangu?" Nikamwambia mwambie umefurahi kumwona. Akasema hiyo ni rahisi, kwani ni kweli.

Msimu ukafunguliwa tena. Mdogo wa binti yangu akaniuliza kama tutapimana. Nikasema mizani ile ni ya pamba. Mama yake na mimi tukapanga zamu: asubuhi napima, saa sita bodaboda inanileta nyumbani, saa nane narudi Nkoma. Wakulima walinung'unika, kisha wakazoea, na wengine wakaanza kunikumbusha, "Saa sita hiyo, nenda jikoni kwako."

Ndipo ikafika siku ile. Lori la pamba lilikwama likiwa limeziba njia ya kituo, karatasi za magunia yake ziko mikononi mwangu, siwezi kuondoka. Mke wangu alikuwa anasimamia mitihani. Nilipiga simu nyumbani, haikupokelewa. Saa saba. Saa nane. Kila dakika niliona sahani iliyofunikwa, na funza amekaa juu yake. Tangu tuanze hakuwa amekula mlo hata mmoja bila mtu mbele yake. Lilipokwamuka nilipanda bodaboda nikamhimiza dereva mpaka akaniambia mzee, tutafika, lakini tufike wazima.

Ilikuwa karibu saa kumi nilipoingia jikoni. Alikuwa ameketi anachora kwenye daftari. Sahani moja imefunikwa, ya kwangu. Ya kwake imeoshwa, imeegemezwa ukutani.

"Nimeshakula, baba," alisema. "Nisamehe. Nilikuwa na njaa, nikashindwa kukungoja."

Sufuria lilikuwa pale pale kwenye mafiga, kifuniko juu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ningefunua tu ningejua, nusu ugali au robo, nina macho ya kazi hiyo. Nikaurudisha mkono, nikanawa, nikaketi kwenye kigoda.

Yule mtafiti aliniuliza ni lini nilijua kwamba binti yangu anapona. Nilimwambia ni siku niliyokula peke yangu.

Ila si peke yangu kabisa. Nilikula polepole, na yeye hakunyanyuka. Alikaa pale mbele yangu, akanisimulia habari za yule paka wa bwenini toka mwanzo mpaka sahani yangu ikaisha, na nusu saa baada ya hapo.